Mzaha, Utani na Dhihaka: Mipaka ya Ulimi wa Muislamu

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemjaalia mwanadamu ulimi wa kusema, na akamjaalia kicheko na machozi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.



Tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha tunawausia nyinyi mlio msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, tumche Mwenyezi Mungu katika mambo makubwa na madogo. Na katika mambo ambayo watu huyahesabu kuwa madogo, leo tumechagua moja: maneno tunayochekea. Tutazame mchezo ni nini, mzaha ni nini, utani ni nini, na dhihaka ni nini. Kisha tujiulize ni wapi mtu avukapo mpaka, akatoka katika halali akaingia katika haramu, naye huku angali anacheka.

Ndugu zanguni, lugha yetu ya Kiswahili haikulitupa jambo hili. Imelipa majina mengi, na kila jina lina mahali pake. Mchezo ni jambo la kuburudisha mwili na moyo, kama watoto wachezapo mpira jioni. Mzaha ni neno la kuchekesha lisilokusudia ubaya. Utani ni mzaha wenye haki na wajibu, baina ya watu wanaojuana kuwa ni watani. Kijembe ni neno linalorushwa kwa upande, na mwenye kurushiwa akalihisi. Na hao waliolipa jina hilo walijua walisemalo, maana kijembe ni kitu chenye makali. Kejeli ni neno lenye sura ya sifa na ndani yake mna tusi. Masimango ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea ili umdhalilishe. Kubeza ni kulifanya jambo la mwenzio kuwa si kitu. Dhihaka ni kumfanya mtu mwenyewe kuwa kichekesho. Na dharau ndiyo mama yao wote hawa wabaya, kwa kuwa hukaa moyoni kabla haijafika ulimini.

Tena tazameni jinsi ubaya unavyojificha. Mtu akimfanyia mwenzake dhihaka huku akijifanya rafiki, tunasema amemchezea shere. Neno kucheza limo humo humo. Mwenye kutenda anasema ni mchezo, na mwenye kutendewa anaona ni fedheha.

Wanafunzi wetu wanaosoma Kiarabu wataona jambo jingine la ajabu. Neno dhihaka limetoka katika neno la Kiarabu ambalo maana yake ni kucheka tu, kicheko cha kawaida kisicho na lawama. Lilipoingia katika Kiswahili likawa chungu, likawa kumcheka mtu kwa kumdhalilisha. Neno masihara nalo lilisafiri kinyume. Katika Kiarabu ni neno zito, ni kumfanya mtu kitu cha kuchekwa na kudharauliwa. Nalo ni ndugu wa neno lile lile ambalo Mwenyezi Mungu amelitumia alipokataza watu wasidharauliane, katika Sura ya 49, Al-Hujurat. Lilipofika kwetu likawa jepesi, hata mama humwambia mwanawe, "Acha masihara, ule chakula chako." Basi neno moja lilianza na kicheko likaishia katika uchungu, na jingine lilianza na uchungu likaishia katika kicheko. Haya yatufunze kwamba jina peke yake halitoshi kutuokoa. Mtu hawezi kusema, "Mimi nimelipa jina la mzaha, kwa hiyo ni mzaha." Yatupasa tuitazame nia iliyomo, na athari inayobaki.

Ndugu Waislamu, wala asidhani mtu kwamba dini yetu ni dini ya kukunja uso. Tumepokea katika Hadithi sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, naye Mtume akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) ili awatazame, wala hakuondoka mpaka alipochoka mwenyewe. Tumepokea pia kwamba alishindana naye mbio. Mara ya kwanza akashinda Bibi Aisha, na baadaye, miaka ilipopita, akashinda Mtume, akamwambia kwamba hiyo ni malipo ya ile. Huo ndio mchezo wa halali, na nyumba isiyokuwa nao ni nyumba kavu.

Na katika mzaha, masahaba walipostaajabu kumwona Mtume wa Mwenyezi Mungu akifanya mzaha nao, aliwajulisha kwamba hata katika mzaha hasemi ila la kweli. Mtu mmoja alimwendea kuomba mnyama wa kupanda, naye akamwahidi mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Mtume akamkumbusha kwamba hakuna ngamia hata mmoja, awe mkubwa vipi, asiyekuwa mtoto wa ngamia. Na ndugu yake Anas bin Malik, mtoto mdogo aliyekuwa akiitwa Abu Umayr, alikuwa na ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege yule alipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume (S.A.W.) alimwendea akamwuliza habari za ndege wake kwa maneno yenye mlio wa kufurahisha, ili amtoe katika huzuni.

Angalieni sana mizaha hii, ndugu zanguni. Aliyefanyiwa mzaha aliondoka na ngamia wake. Mtoto aliondoka amefarijika. Hapana uongo uliosemwa, hapana aliyeondoka akiwa mdogo kuliko alivyokuja. Hicho ndicho kipimo chetu cha kwanza.

Sasa tuje kwetu, katika bonde letu la Kilombero. Hapa Mlabani, na Ifakara nzima, na ng'ambo ya mto mpaka Mahenge, wanaishi Wandamba na uvuvi wao, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengineo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975, ilipita hapa ikaleta watu wa mikoa mingi. Mashamba ya miwa ya Kilombero yakaleta wengine. Na mpunga ukaleta wengine. Watu wa namna hii wakikaa pamoja bila ya njia ya kupunguza ukali, hupigana. Wazee wetu waliiona hatari hiyo tangu zamani, wakaweka utani.

Utani, ndugu Waislamu, ni jambo lililowashangaza hata wageni. Mwaka 1944 R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliandika makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, kwa jinsi alivyouona kuwa ni jambo kubwa. Makabila yaliyopata kupigana vita, na makabila yaliyokutana katika njia za misafara ya biashara, yaligeuka yakawa watani. Watu wa Pwani wanaufahamu utani wa Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani anaweza kumwambia mtani wake neno ambalo lingesemwa na mtu mwingine lingeleta kesi, na asikasirike. Anaweza hata kumnyang'anya kofia hadharani. Na ndani ya ukoo mna utani vilevile: babu na mjukuu, shemeji na shemeji, mabinamu wao kwa wao. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu," na nyumba nzima ikacheka.

Lakini je, utani ulikuwa ni ruhusa ya kusema ovyo? La, hasha. Utani ulikuwa na nguzo zake. Ya kwanza, ulikuwa wa pande mbili: mwenye kutania leo, kesho hutaniwa, na wote wawili wana nguvu sawa ya kujibu. Ya pili, ulijulikana: watu walizaliwa wakaukuta, wala mtu hakujifanya mtani wa yeyote amtakaye. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, ulikuwa na wajibu: mtani ndiye aliyekuja kwanza mtani wake alipofikwa na msiba, akasaidia kuchimba kaburi, akahudumia wageni, akawafariji wafiwa. Aliyekucheka katika raha ndiye aliyekubeba katika shida. Kicheko chake kilikuwa kimelipiwa kabla.

Hivyo basi, tunapoupima utani kwa mizani ya dini, tunakuta mna mengi ya kuhifadhiwa na machache ya kuachwa. Kusaidiana katika misiba na kuvumiliana maneno ni katika tabia njema. Lakini kuzuia jeneza njiani mpaka mtani apewe fedha kunachelewesha maiti, nasi tumeamrishwa kuharakisha mazishi. Kusema uongo ili watu wacheke, Mtume (S.A.W.) amekutolea onyo kali. Na kuhusu kuchukua kitu cha mtu, tumekatazwa kuchukua mali ya ndugu yetu, si kwa kweli wala kwa mzaha, na hata aliyechukua fimbo ya mwenzake ameambiwa airejeshe. Kofia ya mtani na irudi kichwani mwake kabla ya kuagana, na hapo utani utabaki kuwa udugu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tatizo letu la leo si utani. Tatizo letu ni kwamba jina la utani limeazimwa na watu wasiokuwa watani. Mtu humdhalilisha mwenzake mbele ya watu, na anapoonywa hujibu, "Mbona nilikuwa namtania tu?" Ndugu zanguni, udhuru huu si mpya. Ulisemwa zamani, na ukajibiwa kutoka mbinguni.

Katika mwaka wa tisa wa Hijra, katika safari ya Tabuk, wanafiki walisema maneno ya kumkejeli Mtume (S.A.W.) na masahaba zake. Walipoulizwa, walijitetea kwamba walikuwa wakizungumza na kucheza tu. Mwenyezi Mungu akateremsha habari yao katika Sura ya 9, At-Tawba, aya ya 65 na 66. Wao waliliita jambo lao mchezo. Yeye akaliita stihizai, nayo ni dhihaka iliyo mbaya kabisa, kwa kuwa walimfanyia stihizai Mwenyezi Mungu, Ishara zake na Mtume wake, nao wakakatazwa kutoa udhuru. Hapa tunapata somo la lugha na somo la imani kwa pamoja. Mwenye kutenda hana haki ya kuchagua jina la kitendo chake ili kimwepushe na hisabu.

Na Nabii Musa (A.S.) alipowafikishia watu wake amri ya kuchinja ng'ombe, wakamwuliza kama anawafanyia mzaha, alijilinda kwa Mwenyezi Mungu asiwe miongoni mwa wajinga. Kwa hiyo kulifanyia mzaha jambo la watu lililo zito, Mtume huyo mtukufu alikuhesabu kuwa ni ujinga, hata kama mwenye kufanya amesoma sana.

Sasa tuisikilize Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, kwa maana yake. Mwenyezi Mungu amewakataza waumini mambo matatu. Wanaume wasiwadharau wanaume wengine, wala wanawake wasiwadharau wanawake wengine, kwani yumkini wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Wala wasitiane aibu. Wala wasiitane kwa lakabu mbaya. Na asiyetubu, huyo yumo miongoni mwa madhalimu. Tazameni, ndugu Waislamu: amewataja wanawake mbalimbali na wanaume, ili lisibaki kundi linalosema kwamba halikuambiwa lolote. Na sababu aliyoitoa ni nzito: hujui. Wewe unaona mguu unaochechemea, unaona shati lililochanika, unaona ulimi unaogota. Yeye anaona moyo.

Abdullahi bin Masud (R.A.) alikuwa na miguu myembamba. Siku moja alikuwa akikata miswaki juu ya mti, upepo ukamfunua miundi, na baadhi ya watu wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawajulisha kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Na waliocheka wakati ule hawakuwa makafiri. Walikuwa watu wema walioteleza. Basi nani miongoni mwetu atakayejidhaminia?

Ndugu zanguni, haya hayako mbali nasi. Ng'ambo ya mto wetu, katika milima ya Mahenge, na katika vijiji vya bonde hili, ugonjwa wa kifafa umewasumbua watu wengi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa walianguka mekoni, na watu wakaogopa kuwashika wakidhani mate yao yanaambukiza. Leo wataalamu wanajua kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumshika mgonjwa. Na katika maeneo kama haya wamekihusisha na minyoo ya ugonjwa wa usubi, inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Kuna dawa za kupunguza kuanguka, na kuna dawa ya kinga dhidi ya usubi inayogawiwa vijijini.

Lakini dawa ya hospitali haiwezi kuponya lakabu. Mtoto anapoanguka darasani, na wenzake wakaigiza kuanguka kwake wakati wa mapumziko, wakacheka, huo si mchezo. Anapoitwa kwa jina la ugonjwa wake mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, huo si utani. Atauacha wapi utani huo, naye hana la kuwajibu? Atawatania nini, nao ni wazima? Ataacha shule, ataficha ugonjwa wake, hataenda kuchukua dawa kwa kuogopa kuonekana katika foleni. Na siku moja ataanguka motoni au mtoni peke yake, na hapatakuwa na mtu karibu. Hapo ndipo kicheko cha watoto kinapofikia. Waliocheka watasema, "Maskini, Mungu amemtaka," bila ya kukumbuka nani aliyemfukuza miongoni mwa watu.

Vilevile ndugu zetu wenye ualbino. Nchi yetu iliona aibu kubwa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu walipowashambulia na kuwaua kwa ajili ya ushirikina. Wengi wao wameeleza kwamba walikuwa wakipita njiani wakasikia watu wakiwaita "dili," kana kwamba ni bidhaa ya kuuzwa. Waliotamka neno lile barabarani walicheka, wakaona ni mzaha wa mjini. Lakini neno linalomgeuza mtu kuwa bidhaa humrahisishia kazi mwenye panga. Ulimi ulitangulia, na mkono ukafuata.

Na liko jingine linalotugusa sisi watu wa bonde. Miongo iliyopita wafugaji walikuja na ng'ombe wao kutoka mikoa mingine, wakakuta mashamba ya mpunga na majaruba. Ugomvi wa maji, malisho na mashamba ukatokea, na mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde. Ugomvi wa ardhi una mahali pake pa kuamuliwa. Ila yatupasa tuwe macho na maneno yanayosemwa dukani, sokoni na katika basi, ya kuwacheka wakulima kwa ukulima wao na wafugaji kwa ufugaji wao, kwa mavazi yao na matamshi yao. Mtu husema, "Sisi na hao ni watani." Utani huo uliwekwa lini, na nani aliukubali? Watani wa zamani walikuwa wamekwisha kupatana ndipo wakataniana. Mzaha juu ya watu ambao ugomvi wao haujakwisha ni kuni juu ya moto. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Hata katika mpira wa miguu, timu za Yanga na Simba za Dar es Salaam, zilizoanzishwa mwaka 1935 na mwaka 1936, magazeti huziita watani wa jadi, nalo ni jina zuri. Anayeshangilia ushindi na kumtania jirani yake, kisha wakanywa chai pamoja, huyo yumo katika utani. Anayemtukania mwenzake mama yake kwa ajili ya bao moja, huyo ametoka. Bwana Abu Dharri (R.A.), naye ni sahaba mkubwa, alipomtia mtu aibu kwa sababu ya mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba bado angali na jambo la ujahilia ndani yake. Ikiwa sahaba alikemewa hivyo kwa neno moja, sisi tutasema nini?

Ndugu Waislamu, kwa kuwa wako wanafunzi wengi wanaotusikiliza, tuwape vipimo vinne vyepesi vya kushika kabla ya kuufungua mdomo.

Kipimo cha kwanza ni ukweli: je, ninalotaka kulisema ni kweli? Mzaha wa uongo umekwisha anguka.

Kipimo cha pili ni usawa: je, huyu ninayemtania anaweza kunijibu kwa neno kama hili na mimi nikacheka? Mwalimu humtania mwanafunzi, mwanafunzi hana ruhusa ya kujibu. Tajiri humtania mtumishi wake, mtumishi anaogopa mshahara wake. Mume humtania mkewe mbele ya wageni, naye mke akanyamaza kwa heshima. Hapo hapana utani. Pana mtu mmoja anayecheka na mwingine anayestahimili.

Kipimo cha tatu ni kitu kinachochekwa. Ukicheka kitendo alichokichagua mtu, kama kuchelewa kwake au kupenda kwake kulala, huenda mkacheka pamoja. Ukicheka umbo lake, rangi yake, ugonjwa wake, kabila lake au umaskini wake, hayo hakuyachagua yeye. Bibi Aisha (R.A.) alipotaja kwa dharau ufupi wa Bibi Safiyya (R.A.), Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Mwenye kuicheka sura amsikitikie nani, ikiwa Mwumbaji ndiye aliyeichora?

Kipimo cha nne ni kinachobaki: je, baada ya kicheko, mwenzangu atabaki na nini moyoni? Masahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akalala. Mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akaamka kwa kushtuka. Mtume (S.A.W.) akawaambia kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ikiwa mshtuko wa dakika moja umekatazwa, sembuse fedheha ya miaka?

Na fedheha ya miaka ndiyo tuliyo nayo leo. Zamani neno la dhihaka lilisemwa barazani, likasikiwa na watu kumi, likasahauliwa. Leo kijana humpiga picha mwenzake aliyeteleza katika tope, au mzee anayesinzia, akaituma katika simu. Kabla ya swala ya Isha imefika kwa watu wasiomjua, mikoani na ng'ambo. Hata akitubu, hawezi kuirudisha. Kila mwenye kuipokea na kuituma tena amechukua fungu lake la dhambi, ijapokuwa hakuandika neno hata moja ila alama ya kicheko.

Basi tufanye nini? Wazazi, msicheke mtoto anapomwigiza kilema. Kicheko chenu ndicho mwalimu wake wa kwanza. Mwambieni kwa upole, "Mwanangu, huyo naye ana mama yake." Walimu wa madrasa na wa shule, msiwaite wanafunzi kwa lakabu, maana jina litokalo kinywani mwa mwalimu huwa ni ruhusa kwa darasa zima. Wazee, wafundisheni vijana utani wa kweli, pamoja na nguzo zake na wajibu wake, ili wajue kwamba asiyekuja mazishini hana haki ya kucheka arusini. Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu anachekwa, msinyamaze; mwenye kunyamaza huhesabiwa na waliochekwa kuwa ni miongoni mwa waliocheka. Mkalie karibu, mwite kwa jina lake, mpe daftari lake lililoanguka.

Na aliyekwisha kumdhihaki mwenzake, mlango ungali wazi. Amwombe Mwenyezi Mungu maghufira, kisha amwendee mwenyewe amtake radhi, kwa kuwa haki ya mja haisamehewi mpaka mja asamehe. Wala asimwambie, "Nilikuwa nakutania tu," kwani maneno hayo ni jeraha la pili. Amwambie, "Nilikukosea, nisamehe." Na aliyekosewa akiweza kusamehe, ujira wake uko kwa Mola wake, nao haupungui.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo zetu na dharau, na ndimi zetu na dhihaka. Atujaalie vicheko vinavyounganisha watu na visivyowavunja. Awaponye wagonjwa wetu wa bonde hili na wa nchi nzima, awahifadhi wenye udhaifu miongoni mwetu, na awapatanishe waliogombana. Awarehemu wazee wetu waliotutangulia, waliogeuza maadui wakawa watani. Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasema kwa makusudi na tuliyoyasema kwa mchezo. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.